DIRISHA LA DAWA

Wenzangu wengi hapa shuleni, ukiwauliza mtoa dawa hufanya kazi gani, hujibu kwamba yeye husoma karatasi ya daktari, kisha hunyosha mkono rafuni. Kazi kama hiyo, wasema, haimtaki mtu asome miaka mitatu, sembuse kupelekwa tena kazini kujifunza. Mimi naona wamekosea, na napenda kuwaeleza wasomaji sababu zangu.

Katika nchi yetu masomo ya shahada ya famasi yalianza mwaka 1974 huko Muhimbili, Dar es Salaam. Shahada hiyo huchukua miaka 4, na mtu akiisha kuhitimu hufanya kazi mwaka 1 mzima chini ya uangalizi wa wafamasia wazoefu kabla hajapewa usajili kamili na Baraza la Famasi. Wanaochukua stashahada husoma miaka 3, nao hutolewa darasani kwa vipindi wakapelekwa hospitalini na katika vituo vya afya. Dada yangu ni mmoja wa hao, na mengi ninayoyaandika nimeyapata kwake.

Siku za kwanza alipewa kuhesabu vidonge tu. Huhesabiwa juu ya sinia ndogo kwa kijiko bapa, vitano vitano, wala havishikwi kwa vidole. Sinia hufutwa kabla ya kuhesabu dawa nyingine, maana unga wa penisilini ukibaki pale waweza kumdhuru mgonjwa ambaye mwili wake haupatani nayo. Jambo hili limo kitabuni, lakini kitabu hakina foleni ya watu arobaini wanaosubiri nje juani.

Sasa tazameni dawa mseto ya malaria, tunayoijua sote tulio bwenini. Mtoto mwenye kilo 5 lakini asiyefika kilo 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Aliyefika kilo 15 hupewa 2. Wa kilo 25 hupewa 3. Na wa kilo 35 na zaidi hupewa 4, kama mtu mzima. Basi wasimamisheni pamoja mtoto wa kilo 14 na wa kilo 16, nani atawatenga kwa macho? Lazima mizani. Kisha kuna saa. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata humezwa asubuhi na jioni, mpaka siku 3 zitimie. Mama aliyemeza saa nne asubuhi ameze tena saa kumi na mbili jioni, tena baada ya chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili dawa iingie mwilini vizuri. Haya yote huelezwa kwa dakika mbili tatu, mtoto akilia mgongoni.

Hapo kwenye maelezo ndipo penye hatari. Bibi yetu mzaa baba alinunua dawa ya presha katika duka moja, akapewa bahasha iliyoandikwa "1 x 3" bila neno jingine. Nyumbani akampa mjukuu wa darasa la tatu amsomee. Mtoto akasoma alivyofundishwa hesabu: moja mara tatu ni tatu. Bibi akameza vitatu kwa pamoja, na alipoinuka alishikwa na kizunguzungu akaanguka uani. Alipona, ashukuriwe Mungu. Simlaumu mtoto hata kidogo, kwani jibu lake lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa dawa hufundishwa asimwulize mgonjwa, "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, hasa mzee mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Humwomba arudie mwenyewe atakavyokwenda kumeza. Hapa Ilongero kuna wazee wanaosema Kinyaturu kwa urahisi kuliko Kiswahili, na mwanafunzi aliyetoka Kagera au Pemba hana budi kutafuta mtu wa kumfasiria. Kwa maoni yangu, mwezi mmoja katika kituo cha kijijini wampa mwanafunzi mambo asiyoyapata katika hospitali kubwa.

Kazi ya stoo siielezi sana: dawa itakayoharibika mapema hutolewa kwanza, na insulini hukaa katika jokofu baina ya nyuzi 2 na 8.

Mwanafunzi huwa na daftari la kazi, na kila kazi hutiwa sahihi na msimamizi. Nililisoma la dada. Kuhesabu kulitiwa sahihi wiki ya kwanza, stoo wiki ya pili. Kumweleza mgonjwa kulibaki wazi hadi wiki ya nne, maana msimamizi alitaka kwanza kusimama nyuma yake na kusikia wagonjwa wenyewe wakirudia.