Apokeaye Inua Jamii: Je, Bado Ana Haki Katika Zaka?

Kila Ramadhani inapokaribia, kamati za misikiti huketi kupitia orodha za wanaostahiki zaka, na kila mwaka huzuka kauli ileile: "Huyu aondolewe, anapokea za serikali." Kwa sikio la haraka kauli hiyo ni ya uadilifu. Inapomhusu mwenye ulemavu mkubwa, nachelea kwamba ni dhulma.

Tuutazame mpango wenyewe. Inua Jamii, hapa Kenya, huwalipa wazee waliotimu miaka 70, kaya zinazolea mayatima, na kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ahitajiye uangalizi usiku na mchana. Wote hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango kilichodumu kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa chukua mzee wa miaka 72 aendaye msikitini kwa miguu yake, na kijana wa miaka 19 asiyeweza kuketi bila kushikwa. Fungu lao ni moja. Lakini huyu wa pili anahitaji nepi za watu wazima, sabuni kila siku, chakula laini, na tuktuk ya kumpeleka kliniki na kumrudisha, kwa kuwa matatu haimpakii. Juu ya hayo, mama yake hawezi kutoka kuuza maandazi wala kufanya kibarua. Nani atamgeuza kitandani? Gharama hii ya mwisho haionekani katika risiti yoyote, nayo yaweza kuwa kubwa kuliko zote.

Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imewataja mafakiri na masikini. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na wengi wetu pwani, miskini ni mwenye kitu kisichomtosha. Dalili ni wale wa safina katika Surat Al-Kahf: waliitwa masikini ilhali walikuwa na chombo cha kufanyia kazi baharini. Utoshelevu hupimwa kwa hali ya mtu na wanaomtegemea. Basi kamati ikishajua kwamba nyumba inapokea, bado imebakiwa na swali: zinaitosha?

At-Tabari amesimulia kwamba khalifa Al-Walid bin Abdulmalik, aliyefariki mwaka 96 Hijria, aliwapa wenye ukoma posho ili wasiombe, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Khalifa huyo hakukosa lawama zake, lakini hili alilifahamu.

Napendekeza orodha zetu ziongezwe safu moja: mahitaji ya ziada ya kila nyumba, yaandikwe na waliokwenda kuyaona. Wajumbe wanawake wakitumwa, watafunguliwa hata chumba cha ndani, ambako baadhi ya watoto hawa wamefichwa, hawajulikani kwa chifu wala kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nyumba hizo hazipokei hata hizo 2,000. Mama wa namna hiyo asiachwe aende ofisini peke yake. Mjumbe mmoja aandamane naye.