Motokaa Kuukuu ya Peugeot: Bei Ndogo, Gharama Zilizofichika

Karani aliyestaafu na kupokea malipo yake, au mkulima aliyekwisha kuuza mavuno na mtamba mmoja, akionyeshwa saluni ya Peugeot 504 kwa bei nafuu, ni vigumu kumzuia asitie mkono mfukoni. Motokaa ni pana, viti vyake ni laini, na jina lake linajulikana tangu siku za ujana wake. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa motokaa bora ya mwaka katika Ulaya. Katika Kenya sifa zake zilienezwa na vumbi na matope ya Safari Rally, maana ilishinda mashindano hayo mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Lakini saluni hizo zilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983. Basi iliyotoka huko imepita umri wa miaka 40, na sifa za rali hazimlipi fundi.

Ugonjwa mkubwa wa motokaa hii ni joto. Kizibo cha juu cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, ni cha alumini, na mwili wa injini ulio chini yake ni wa chuma. Maji yakipungua na injini ikachemka, alumini hupinda, gasketi iliyo kati yake huungua, na maji huanza kupita pasipo njia yake. Mnunuzi na afungue kifuniko cha oili kabla injini haijawashwa. Akiona ute mweupe mfano wa chai ya maziwa, ajue kwamba maji na oili vimekutana. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto una maana hiyo hiyo. Moshi wa buluu ni habari nyingine, ya ringi za pistoni zilizochakaa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hasara hii kubwa huanza na kitu kidogo sana. Feni ya 504 nyingi haizunguki wakati wote. Huvutwa na sumaku ya umeme pindi maji yanapopata moto, na umeme huo hupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosuguana na kuisha polepole. Kikiisha, feni husimama. Mwenye motokaa hatambui neno akiwa katika barabara tambarare, kwa sababu upepo wa mwendo hupoza rejeta; hutambua siku apandapo mlima na mzigo, kwa gia ndogo, na wakati huo hedi imekwisha kupinda. Kipande cha kaboni ni cha bei ndogo. Hedi iliyopinda hutaka gasketi mpya, kazi ya kusawazishwa kwa mashine, na siku kadhaa za fundi. Na ikiwa imekwisha kusawazishwa mara nyingi, haifai tena, na sharti itafutwe nyingine. Madereva wengine huifunga feni kwa skrubu ili izunguke daima. Petroli huliwa zaidi kidogo, lakini hilo si kosa. Kosa ni kung'oa thamostati, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kando ya barabara, na kutia maji ya mtoni ambayo huila alumini kwa ndani.

Pana hatari nyingine ambayo mwenye motokaa hana budi kuijua kabla ya kumruhusu fundi kufungua injini. Silinda za 504 ya petroli si sehemu ya mwili wa injini. Ni mikebe ya chuma iliyotumbukizwa, na maji huizunguka. Hedi ikiisha kutolewa, mikebe hiyo yapasa ishikiliwe kwa vibano. Fundi asiyejua akiizungusha injini bila kuishikilia, mikebe huinuka, mihuri ya chini hukatika, na maji huingia katika oili. Mtu aliyepeleka motokaa kwa kazi ya gasketi hurudishiwa injini inayohitaji kufunguliwa yote, na mara nyingi huambiwa kwamba ugonjwa ulikuwapo tangu mwanzo. Yafaa amwulize fundi mapema ataishikiliaje mikebe. Jibu litamwonyesha kama anaijua kazi.

Klachi nayo ina hesabu yake. Fimbo ipelekayo nguvu kwenye magurudumu ya nyuma imo ndani ya bomba lililofungwa kati ya giaboksi na difu, basi giaboksi haitoki mpaka mtambo wa nyuma ulegezwe na kusogezwa. Gharama kubwa hapo ni ya mikono, wala si ya vyuma. Kwa hiyo ni upumbavu kubadili sahani ya klachi peke yake na kuacha beringi yake na sili ya oili iliyo nyuma ya injini, kisha kulipia kazi ile ile mwaka usiopinduka.

Kutu huua 504 nyingi kuliko injini. Motokaa hii haina chesisi mbali na bodi. Sakafu na mbavu za pembeni ndizo mifupa yake. Mnunuzi na ainue zulia, apite chini ya milango na sumaku ndogo: isiposhika, hapo pana puti badala ya chuma. Motokaa iliyokaa Mombasa au Malindi itazamwe mara mbili. Mlio wa kugonga mbele katika barabara mbovu hutoka katika shoki au katika usukani, na hautishi sana.

Spea kuukuu zapatikana Nairobi katika Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, na gharama ya safari yenyewe ihesabiwe pamoja na matengenezo. Tuseme mtu ana shilingi 300,000. Asinunue motokaa ya shilingi 300,000, hata ikiwa imepakwa rangi mpya. Atafute ya 200,000, na zile 100,000 azitenge kwa rejeta, feni, breki na magurudumu katika mwaka wa kwanza. Nambari za injini na za bodi zilinganishwe na kitabu cha motokaa, na rekodi zitazamwe kwa NTSA kabla ya fedha kutolewa, maana si 504 chache zilizotiwa injini ya Kijapani bila kitabu kurekebishwa. Muuzaji akikataa motokaa isipandishwe mlima kwa nusu saa ikiwa na watu wanne ndani, mnunuzi ashike njia yake arudi nyumbani na fedha zake.