Kamera haigeuki, serveri imezimika: tazama kwanza nyaya ndogo za nyuma



Siku hizi si ajabu kuona kamera kwenye ukuta wa kanisa hapa Bukavu, kuanzia Panzi mpaka Bagira. Sababu tunazijua: vyombo vya muziki, jenereta, batri za pano, biro la mhasibu, na pale penye kituo cha afya, depo la dawa. Kamera zinafungwa, watu wanafurahi, halafu baada ya miezi michache simu zinaanza. Kamera ya juu ya paa, ile inayogeuka, imebaki inatazama mti wa avoka. Au picha za usiku wa wizi zinatafutwa kwenye serveri, na zinakoma dakika ileile umeme ulipokatika, ingawa onduleri ilikuwepo na watu waliisikia ikilia.

Mara nyingi jibu linalopewa komite ni kwamba serveri imekufa, inunuliwe nyingine. Kabla ya kutoa dola mia kadhaa, inafaa mtu apige magoti nyuma ya mashini na kutazama nyaya mbili tatu ambazo hakuna anayezijali: za seri na za USB. Waya hizo hazibebi picha, ndiyo maana zinasahauliwa. Zinabeba amri na taarifa: kamera, geuka, serveri, umeme umekwenda, zimika salama.

Seri ni nini, na kwa nini bado iko

Seri ni njia ya zamani ya kupitisha habari, alama moja baada ya nyingine kwenye waya uleule. Kuna aina mbili utakazokutana nazo. RS-232 ilitoka Marekani mwaka 1960. Inaunganisha vyombo viwili tu na haipendi waya unaozidi mita 15 hivi. RS-485 ni ya mwaka 1983. Hiyo hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, A na B, inaweza kufika mita 1,200 na kubeba vyombo 32 kwenye mstari mmoja. Ya kwanza utaikuta kwenye onduleri za zamani. Ya pili ndiyo inayopeleka amri kwa kamera za kugeuka ambazo picha yake bado inapita kwenye waya wa koaksiali, kama ule wa televisheni.

Kamera mpya za mtandao hupokea amri na kutoa picha kwa waya mmoja, na anayenunua leo anunue hizo. Lakini chombo kilichopo na kinachofanya kazi si cha kutupwa.

Tatizo ni kwamba serveri nyingi za leo hazina tena tundu la seri lenye pini tisa. Kwa hiyo fundi anaweka adapta: upande mmoja USB, upande wa pili RS-232 au RS-485. Kadude hako ka dola chache ndiko kanakosumbua kuliko vyote.

Ndani ya adapta kuna chipu, na chipu ndiyo inayoamua kama utalala usingizi. Zinazoonekana sana sokoni ni za FTDI ya Scotland, Prolific ya Taiwan, na CH340 ya China. Chipu za FTDI na Prolific zimeigwa sana, na kampuni zenyewe zimepigana na waigaji kupitia kiendeshi, ile programu ambayo Windows ya Kifaransa inaiita « pilote ». Mwezi wa Oktoba 2014 FTDI ilitoa kiendeshi kipya kilichofuta namba ya utambulisho ya chipu bandia, na adapta zilizofanya kazi siku iliyotangulia zikawa hazitambuliki tena. Malalamiko yalikuwa makubwa, kampuni ikakiondoa. Kwa Prolific utaona alama ya njano na maneno « Ce périphérique ne peut pas démarrer (Code 10) ». Kwa hiyo ikiwa adapta imekataa mara tu baada ya Windows kujisasisha, usilaumu kamera. Rudisha kiendeshi cha zamani, au nunua adapta nyingine. Kwangu mimi CH340 ya kweli ni afadhali kuliko FTDI ya uongo.

Kufuata waya hatua kwa hatua

Anza na kamera yenyewe. Izime, iwashe tena. Kamera ya kugeuka, inapopata umeme, kwa kawaida hujizungusha yenyewe kujipima. Ikijizungusha, mota ni nzima na umeme unafika. Ugonjwa uko kwenye njia ya amri, nawe umeshaokoa bei ya kamera. Isipojizungusha, acha serveri, panda ukatazame umeme wa kule juu.

Sasa rudi kwenye serveri. Fungua « Gestionnaire de périphériques », tafuta « Ports (COM et LPT) », kisha chomoa adapta na kuichomeka tena ukiwa unatazama. Mstari ukipotea na kurudi, kompyuta inaiona. Kama hakuna kinachobadilika, jaribu tundu jingine la USB, la nyuma ya mashini, bila kupitia kigawanyio. Kama mstari upo lakini umeandikwa COM7, na programu ya kamera imewekewa COM3, umepata ugonjwa. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi. Adapta nyingi za CH340 hazina namba yao ya pekee, basi Windows inazitambua kwa tundu zilipochomekwa. Mtu anasafisha biro, anachomoa waya, anaurudisha tundu la pili, na kwa Windows hicho ni chombo kipya chenye namba mpya. Rudisha waya kwenye tundu lake, au badilisha namba kwenye mipangilio ya mlango huo.

Walio na Linux, kwa mfano wale wanaotumia ZoneMinder, wachomeke adapta halafu waandike dmesg. Mstari wa mwisho utataja ttyUSB0 au ttyUSB1. Majina hayo nayo huhama, kwa hiyo kwenye mipangilio tumia jina refu lililoko ndani ya /dev/serial/by-id. Hakikisha pia kwamba programu inaruhusiwa kufungua mlango huo: kwenye Debian na Ubuntu mtumiaji wake lazima awe katika kundi la dialout. Kuna kisa kimoja cha ajabu: kwenye Ubuntu 22.04, programu ya kusaidia vipofu kusoma kwa vidole, brltty, hudhani adapta ya CH340 ni chombo chake na kuinyakua. Adapta inaonekana sekunde moja, inapotea. Ikiwa hapo kwenu hakuna anayetumia mashini ya Braille kwenye serveri hiyo, iondoe brltty.

Adapta ya RS-232 inapimika kwa kipande cha waya tu. Unganisha pini ya 2 na ya 3, fungua programu ya kuandikia kwenye mlango huo, piga herufi. Herufi zikirudi kwenye kioo, adapta ni nzima. Kwa RS-485 unahitaji adapta mbili: A kwa A, B kwa B, uandike huku usome kule.

Adapta ikiwa nzima, bado kuna mambo manne kwenye mstari. La kwanza, watengenezaji hawakubaliani ipi ni A na ipi ni B. Zigeuze nyaya mbili hizo ujaribu, hakuna kitakachoungua. La pili, kasi na lugha. Kamera nyingi zinasikiliza lugha ya Pelco-D kwa kasi ya 2400, nyingine Pelco-P kwa 4800 au 9600. Serveri na kamera lazima zikubaliane. La tatu, namba ya kamera, inayopangwa kwa vibonyezo vidogo chini ya kifuniko chake. Kamera mbili zikigeuka pamoja kwa amri moja, zina namba moja. La nne ni umbo la mstari wenyewe: waya utoke kwenye serveri uende kamera ya kwanza, kutoka hapo ya pili, kutoka hapo ya tatu. Usiutawanye kama matawi ya mti. Kwenye ncha zote mbili huwekwa kizuizi cha ohm 120. Zima vyombo vyote, pima kati ya A na B kwa multimeta: karibu 60 ni sawa, karibu 120 ncha moja haina kizuizi, sifuri nyaya zimegusana mahali.

Radi ya Kabare

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya mafundi wa Ulaya hupita haraka. Watafiti waliochambua vipimo vya setilaiti ya TRMM vya miaka 1998 hadi 2013 waliipa Kabare, jirani yetu kabisa, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Waya wa RS-485 unaotoka kwenye paa, unaovuka uwanja na kuingia USB ya serveri, ni barabara iliyotengenezwa tayari. Radi haihitaji kupiga kamera. Ikipiga karibu, waya mrefu unaokota nguvu ya kutosha kuua adapta, na pengine ubao mzima wa serveri nyuma yake.

Ndiyo maana kwa mstari wowote unaotoka nje ya jengo ninasisitiza adapta iliyotenganishwa ndani, ile ambayo umeme wa upande wa kamera haugusi umeme wa upande wa USB. Inagharimu mara kadhaa ya ile ya kawaida, na ni rahisi kuliko serveri. Weka na vizuia radi kwenye ncha zote mbili, vyenye waya unaoingia ardhini kweli. Nimeona vingine vimefungwa vizuri ukutani na waya wa ardhi umeishia hewani. Adapta ya namna hiyo inasaidia pia pale kanisa lina mita yake ya SNEL na nyumba ya mchungaji ina yake: ardhi za majengo mawili hazilingani, na RS-485 huvumilia tofauti kati ya volti 7 chini ya sifuri na 12 juu yake, basi. Radi inayopiga kamera yenyewe, hakuna adapta itakayoizuia.

Onduleri inayolia bila kusikilizwa

Sasa zile picha zinazokoma dakika ya umeme kukatika. Delestaji hatuhitaji kuelezwa, hata kama Ruzizi inapita chini yetu. Onduleri haiwezi kubeba serveri usiku kucha. Kazi yake ni kuipa dakika chache za kuandika picha za mwisho na kujifunga vizuri. Lakini serveri haitajua kwamba umeme umekwenda isipoambiwa, na inaambiwa kwa ule waya wa USB au wa seri. Katika biro nyingi waya huo bado uko ndani ya katoni, na plastiki yake.

Uchomeke. Kwenye Windows, onduleri ya USB ikitambuliwa, alama ya batri hutokea karibu na saa, kama kwenye kompyuta ya mkononi. Kwenye Linux tumia Network UPS Tools, ambayo ni ya bure na inajua onduleri nyingi, hata za bei ndogo. Panga serveri izimike batri ikiwa bado na akiba, na kwenye BIOS panga iwake yenyewe umeme unaporudi. Kisha jaribu mchana, watu wote wakijua: chomoa onduleri kwenye prizi ya ukutani, subiri, tazama kama serveri inajifunga.

Onyo moja. Onduleri za zamani za APC Smart-UPS zina tundu la pini tisa, lakini mpangilio wake si wa kawaida. Ukichomeka waya wa seri wa kawaida, inaweza kuzimika papo hapo na kila kilichofungwa kwake. Tumia waya wake tu.

Mengine ya USB

Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5, na tundu lake linatoa miliampia 500 tu. Diski ya nje na ufunguo wa leseni vikiwa kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, kimojawapo kitapotea usiku, na programu nyingine bila ufunguo huo huacha kurekodi. Ufunguo ukae kwenye tundu la serveri lenyewe, na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima « suspension sélective USB », inayolaza vyombo ili kuokoa umeme.

Polisi wakiomba picha, kumbuka kwamba kle iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4. Iandae kwa exFAT mapema. Na andikeni nani amebeba kle hiyo na lini: ndani yake mna nyuso za waumini, na tangu Machi 2023 Code du numérique ya nchi yetu inalinda habari za watu.

Mwisho, karatasi moja: namba ya COM, tundu gani, kasi, lugha, namba ya kila kamera, rangi ya waya wa A na wa B, tarehe ya batri ya onduleri. Ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la serveri, isibaki kwenye telefone ya fundi.