Goma: Sakafu ya mbao nyumbani, hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Wakaaji wengi wa Goma wanaishi katika nyumba zenye kuta za mbao, lakini chini wanakanyaga pavema ya simenti, changarawe ya volkano iliyosawazishwa, ao tapi ya plastiki iliyotandikwa juu ya mawe. Mvua zinapoanza, baridi inapanda kutoka chini, na swali linarudi katika familia nyingi, hasa zile ambazo watoto wanalala chini: je, haifai kutandika mbao? Itagharimu ngapi, na itadumu?

Jibu linategemea vitu vitatu: jiwe lililo chini ya nyumba, ukavu wa mbao, na muda ambao familia itakaa kwenye parseli hiyo. Bei ya ubao mmoja sokoni, ambayo wengi wanaiuliza kwanza, inakuja nyuma ya hayo.

Mji uliojengwa juu ya jiwe

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ikafika ziwani. Watu wengi walirudi kujenga juu ya lile jiwe jeusi. Kuchimba msingi ndani yake ni kazi ngumu na ya pesa nyingi. Nyumba ya mbao inasimama haraka, ni nyepesi, na inaweza kubomolewa na kupelekwa parseli nyingine. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena na kusimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta na barabara.

Historia hiyo inaeleza kwa nini wengine wanaogopa kuzika pesa yote ndani ya simenti. Pavema haihamishiki. Mbao zilizofungwa kwa visi zinafunguliwa kwa turnevisi na kupakiwa juu ya chukudu. Kwa mpangaji, ao kwa mtu ambaye karatasi za parseli yake hazijakamilika, tofauti hiyo ni pesa.

Hesabu ya chumba kimoja

Bei za mbao katika Goma zinapanda na kushuka kufuatana na usalama na hali ya barabara, kwani sehemu kubwa ya mbao za mkaratusi inatoka Masisi kwa njia ya Sake. Bei ya leo inaweza kukudanganya wiki ijayo. Lakini idadi ya vitu haibadiliki. Tuchukue chumba cha metre 4 kwa metre 3, ni kusema metre za mraba 12.

Kwa sakafu ya mbao, ubao wenye urefu wa metre 4 na upana wa sentimita 20 unafunika metre ya mraba 0.8. Zinahitajika mbao 15. Ongeza 2 kwa zile zitakazopasuka ao kukatwa vibaya: mbao 17. Chini yake kunawekwa madriye zinazobeba mbao. Zikiachana sentimita 40, chumba hicho kinaomba madriye 11 za metre 3. Kila ubao unafungwa kwa misumari ao visi 2 juu ya kila madriye, hivyo jumla ni 330. Bado kuna mawe ya kuegeshea madriye, dawa ya kupaka, na mshahara wa fundi.

Kwa pavema ya simenti, unene wa sentimita 5 kwenye chumba hicho hicho unatoa metre ya ujazo 0.6 ya betoni. Hiyo ni karibu mifuko 4 ya simenti ya kilo 50, pamoja na mchanga, changarawe, maji na fundi. Pale ambapo lava ina mabonde na vilima ndani ya chumba, kunaongezeka mawe ya kujazia. Hapo simenti inaweza kupita mifuko 4 kwa mbali.

Andika bei ya siku pembeni ya kila kitu. Mara nyingi utaona kwamba mahali palipo sawa, pavema inashinda kwa bei. Mahali palipo na mawe yaliyochongoka, mbao zinaanza kukaribia, kwa sababu hazihitaji kujaza shimo: unapanga mawe ya kuegemea, unasawazisha madriye, unapita juu.

Kosa linalogharimu zaidi

Kosa la kwanza ni kutumia mbao zile zile nyembamba za ukutani. Sakafu inabeba vitanda, kabati na watu. Madriye zikiachana sentimita 40, ubao ushuke chini ya sentimita 2.5 za unene na utaanza kucheza mguuni, kisha kuvunjika.

Kosa la pili ni kununua mbao mbichi. Mkaratusi unauzwa mara nyingi siku chache baada ya kupasuliwa, ukiwa bado mzito kwa maji. Unapokauka unajikunja na kupungua. Ubao wa sentimita 20 ukipungua asilimia 5 tu, unaacha nafasi ya sentimita 1. Kwa mbao 15, ni sentimita 15 za mianya katika chumba kimoja: baridi inapita, taka zinaanguka, panya wanapata njia.

Dawa yake ni subira. Panga mbao chini ya mabati, mbali na udongo, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na uweke mawe mazito juu zisijikunje. Kwa mbao ngumu, mafundi wa nchi nyingi wanahesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita 2.5 za unene. Familia chache zinaweza kungoja muda huo. Asiyeweza kungoja, afunge mbao kwa visi na si kwa misumari. Baada ya miezi kadhaa atazifungua, atazisogeza mpaka zibanane, na kuongeza ubao mmoja pembeni.

Kuna pia mbao za libuyu, nyekundu na nzito, zinazotoka katika misitu ya upande wa Beni na Ituri. Zinatulia kuliko mkaratusi na zinapendeza zikipakwa vernis, lakini ni za bei na nyingi zinavuka mpaka kwenda Uganda na Kenya. Kwa chumba cha kulala cha familia ya kawaida, mkaratusi uliokauka vizuri unatosha. Muulize muuzaji mbao zimetoka wapi: ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, kukata miti ni marufuku.

Hewa chini ya sakafu, na mazuku

Mbao zikilala moja kwa moja juu ya jiwe ao udongo, zinanywa unyevu na kuoza kutoka chini bila mtu kuona. Ndiyo maana madriye zinainuliwa, na pande mbili za nyumba zinaachiwa matundu yenye wavu, hewa ipite bila kuingiza panya. Acha pia ubao mmoja usiofungwa kabisa, ili mara kwa mara uchungulie chini.

Katika Goma kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Sehemu fulani za mji na za njia ya Sake, hasa upande wa ziwa kama Himbi, Keshero na Bulengo, zinajulikana kwa mazuku, yaani gazi ya kaboni inayotoka ndani ya nyufa za ardhi. Gazi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na inajikusanya mahali pa chini. Inaua. Sakafu ya mbao si ngao juu yake: nafasi iliyofungwa chini ya mbao inaweza kuwa mahali pa gazi kujikusanya, kisha ikapanda kwa mianya hadi kwa mtoto aliyelala chini. Kama majirani wanaonya kwamba kuku ao mbuzi wanakufa katika shimo fulani la parseli, usijenge hapo chumba cha kulala kabla ya kuuliza Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG. Na popote ulipo, inua kitanda.

Moto na maji

Katika mitaa ya mbao, moto wa nyumba moja unakuwa moto wa avenue nzima. Sakafu ya mbao inaongeza kitu cha kuungua. Mbabula yenye makaa isiwekwe juu yake hata dakika moja, wala mshumaa. Familia inayopikia ndani ifanye jikoni ya pavema, hata kama ni metre mbili za mraba tu, na mbao zibaki vyumbani.

Maji nayo ni adui. Pavema inamwagiwa ndoo na kusuguliwa. Mbao zinafagiwa, kisha zinapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Penye mtoto anayekojoa usiku, ao mabati yanayovuja, tengeneza hayo kwanza. Mafuta machafu ya motere, ambayo wengi wanapaka kuta za nje, yasipakwe ndani: yananuka, yanachafua nguo na ngozi ya watoto, na yanasaidia moto.

Nani afanye, nani aache

Mwenye parseli yake, juu ya lava iliyo sawa, na pesa ya mifuko 4 ya simenti, afanye pavema na aweke tapi juu yake. Itamtoka pesa kidogo na itamwomba kazi kidogo. Mpangaji anayejua atahama, ao familia ambayo nyumba yake imekaa juu ya mawe yaliyochongoka, inaweza kufaidika na mbao, kwa sharti zikauke, ziinuliwe, na zifungwe kwa visi. Mpangaji aandikiane na mwenye nyumba kwamba sakafu ni mali yake, kabla ya kufunga ubao wa kwanza.

Mwenye pesa ya nusu chumba asitandike nyumba nzima kwa mbao nyembamba na mbichi. Aanzie mahali watoto wanalala. Metre za mraba 4 zilizotengenezwa vizuri zinahitaji mbao 5 za kipimo tulichotaja, na madriye chache. Pesa ya sehemu nyingine itapatikana wakati mbao za pili zinaendelea kukauka chini ya mabati.