Kitufe kimeondoka, kitenzi kimebaki

Mwezi Juni mwaka jana kipakatalishi changu cha zamani kilizima na hakikuwaka tena. Kilikuwa kimenihudumia kwa miaka tisa. Idara ikanipa kingine kipya, chembamba kama daftari la mwanafunzi, nami nikakipokea kwa furaha. Furaha hiyo haikufika jioni. Nilipokifungua nyumbani, kidole gumba kilishuka chenyewe hadi chini ya padi, mahali ambapo miaka yote palikuwa na vitufe viwili, cha kushoto na cha kulia. Havikuwapo. Palikuwa na bamba moja tupu, laini, lisilo na mstari wala mpaka.

Lau ingekuwa ni masikitiko ya mzee na kifaa chake tu, nisingeyaleta katika safu ya lugha. Lakini wiki hiyo nilikuwa na tasnifu ya uzamifu ya kutahini, na ripoti yangu ilihitajika Ijumaa. Ikichelewa, mtahiniwa asingetetea kazi yake muhula huo, na mahafali ya mwaka huo yangempita. Naye alikuwa mwalimu wa shule ya upili aliyejilipia karo mwenyewe kwa miaka sita.

Jumatatu na Jumanne nilisoma na kuandika maoni pembeni mwa kurasa. Kielekezi kilikuwa kikiruka bila kuamriwa. Nikitaka kuteua neno moja, aya nzima ilipakwa rangi. Nikipiga herufi, aya ile ilitoweka na herufi moja ikakaa mahali pake. Jumanne usiku niligundua kwamba maoni yangu yote ya sura ya tatu hayakuwapo. Nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu bila kujua, kisha nikaihifadhi faili na kuifunga. Asubuhi nilikwenda ofisini nikiwa nimekwisha kuitunga moyoni barua ya kuomba nitolewe katika utahini huo.

Karani wa idara yetu sisi sote humwita Mama, hata sisi tuliomzidi umri. Alinitazama nikihangaika, kisha akacheka.

"Prof, hiyo mashine imekukosea nini? Unaibonyeza kama mtu anaua kunguni."

"Mama, haina vitufe. Nibonyeze wapi?"

"Ndiyo hiyo shida. Unatafuta kitu hakipo. Hebu niambie, ukienda soko kununua avokado, unaifanyia nini ndio ujue imeiva?"

"Naibofya."

"Ehe! Sasa hii pia ibofye vile unabofya avokado. Na kama unataka tu kutembea, papasa. Na hicho kidole kingine kimelala hapo kinafanya nini? Kiondoe."

Nikakiondoa. Kielekezi kikatulia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini vitenzi viwili vya Mama vilinifaa kuliko kijitabu cha maelekezo kilichokuja na kifaa chenyewe. Ili kulijibu swali hili, yatupasa kwanza tukumbuke kitufe kilitoka wapi.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha hadharani kifaa ambacho yeye na mwenzake Bill English walikuwa wamekiunda miaka michache kabla ya hapo. Cha kwanza kabisa kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili madogo chini na kitufe kimoja juu. Waya wake ulifanana na mkia, kikaitwa panya. Kiswahili nacho kikafuata mkondo huo: wengi tukasema kipanya, wengine wakasema puku, na wapo waliomkwepa mnyama wakasema kiteuzi. Kwa jina lolote lile, kazi yake ilikuwa imegawanyika mara mbili. Mkono husogeza, kidole hubonyeza.

Padi zilipoingia katika vipakatalishi miaka ya 1990, mathalani katika PowerBook 500 ya Apple ya mwaka 1994, mgawanyo huo ulibaki. Kidole cha shahada kilitembea juu ya padi, na gumba likangoja kwenye kitufe. Kisha mwaka 2008 Apple ikatoa MacBook ambayo padi yake ya kioo ilikuwa yenyewe ndiyo kitufe. Watengenezaji wengine wakaiga. Mimi, kwa kuwa kifaa changu kilidumu, nilifikiwa na mabadiliko hayo nikiwa nimechelewa sana.

Padi huhisi umeme. Chini ya uso wake mna wavu wa nyaya nyembamba zenye chaji ndogo. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hivyo kidole kinapofika mahali fulani hubadilisha chaji ya mahali hapo, na kompyuta hupima badiliko hilo. Ndiyo maana kalamu au glavu ya kawaida haifui dafu juu yake, na vidole vilivyokauka sana au vyenye sugu huleta usumbufu. Mimi nilikuwa nikigonga kwa ncha ya ukucha, tabia niliyoitoa kwenye taipureta. Ukucha hauna habari ya kuipa padi. Inayotakiwa ni ile nyama laini ya ncha ya kidole.

Gumba langu nalo lilikuwa na kosa lake. Kwenye padi ya zamani lilipumzika juu ya kitufe bila madhara, maana kitufe hakikuhesabu vidole. Padi hizi huhesabu, na idadi ya vidole ni amri. Kimoja kikitembea, kielekezi husogea. Viwili vikitembea pamoja, ukurasa hupanda au kushuka. Viwili vikigusa kwa pamoja na kuondoka, hufanya ile kazi iliyokuwa ya kitufe cha kulia. Gumba langu lililolala lilikuwa likihesabiwa kama amri ambayo sikuitoa. Baadhi ya padi hujaribu kulipuuza gumba kama hilo, ila si kila mara hufaulu.

Kuna jambo jingine. Padi nyingi zinazoshuka zimeshikwa upande wa juu, kama kifuniko cha sanduku kinavyoshikwa na bawaba. Ukizikandamiza karibu na bawaba, hazishuki hata ukitumia nguvu. Ukishuka hadi nusu ya chini, hukubali kwa urahisi na kutoa mlio mdogo. Na kuna zile zisizoshuka kabisa. Tangu mwaka 2015 baadhi ya vipakatalishi vya Apple vina padi ambayo hupima nguvu ya kidole, kisha sumaku ya umeme huitikisa kidogo, na kidole husadiki kwamba kimebonyeza kitu. Kifaa kikizimwa, bamba hilo ni gumu na kimya kama kigae.

Turudi sasa kwenye lugha. Kitenzi bonyeza kinatokana na bonyea, yaani kuingia ndani au kushuka kwa kukandamizwa, kikiongezewa usababishi. Kubonyeza ni kukifanya kitu kibonyee. Kwa hivyo agizo "bonyeza" humwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kitakachoshuka, na yeye hukitafuta. Nilipokosa cha kubonyea, nilizidisha nguvu. Mkono wangu ulikuwa ukilitii neno.

Kitenzi bofya ni tofauti. Neno hili lilikuwako kabla ya kompyuta kutufikia. Tulibofya embe na avokado, na mganga alibofya jipu. Anayebofya huegemeza kidole taratibu huku akisikiliza kwa kidole hichohicho: ni laini? limeiva? Nguvu ni kidogo, hisi ni nyingi. Wanaistilahi walipolichukua neno hili kwa ajili ya kompyuta, walifanya kile ambacho sisi wanaisimu hukiita upanuzi wa maana, sawa na vile pakua lilivyotolewa jikoni kwenye chungu cha wali likapelekwa kwenye faili za mtandaoni. Baadaye tukalitumia bofya kana kwamba ni kisawe cha bonyeza, na ile subira ya kidole iliyomo ndani yake ikasahaulika. Mama hakuisahau, kwa kuwa yeye huenda sokoni kila Jumamosi.

Kwa manufaa ya wenzangu wa makamo na waliotangulia, hivi ndivyo ninavyovigawa vitenzi vya padi. Gusa: kidole kinafika na kuondoka papo hapo. Katika padi nyingi mguso huo peke yake unatosha kufanya kazi ya kitufe cha kushoto, na kama hautoshi, sehemu ya mipangilio ina mahali pa kuuruhusu. Papasa: kidole kinatembea juu bila kuinuka na bila kukandamiza. Bofya: kidole kinaegemea katika nusu ya chini hadi kihisi jibu. Buruta: kidole kimoja kinabofya bila kuachilia, hali kingine kinapapasa. Katika kompyuta nyingi za Windows unaweza pia kuburuta kwa kidole kimoja: gusa, gusa tena bila kuinua, kisha tembea. Bonyeza nalibakizia vitu vinavyobonyea, kama vile herufi za kibodi na kengele ya mlangoni.

Huenda msomaji akanipinga kwa kutaja neno simu. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na leo tunatembea na simu zisizo na waya wowote bila neno hilo kututatiza. Kweli. Nomino inaweza kudumu hata kitu chenyewe kikibadilika, kwa sababu hatimaye hakuna anayeusikia tena waya uliomo ndani yake. Kitenzi cha agizo hakina bahati hiyo. Mtu hukisikiliza ili mkono wake utende, na kikimtuma mahali pasipo na kitu, mkono hupotea.

Jambo hili lina uzito kuliko gumba langu. Serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule zetu za msingi mwaka 2016, watoto walipewa kifaa ambacho kwacho karibu kila tendo hufanywa juu ya kioo. Mwalimu anayemwambia mtoto "bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya" mbele ya kifaa kama hicho anamfundisha kompyuta ya enzi nyingine. Mtoto atajinasua, maana atajaribu hadi apate. Mzazi wake anayejaza fomu ya serikali mtandaoni, au mkulima anayeelekezwa kwa simu na mtu aliye mbali, hana nafasi ya kujaribu ovyo: akikosea, huenda amefuta au ametuma asichokusudia. Ndiyo maana nawasihi waandishi wa vitabu na wa maelekezo wakitaje kitendo cha mkono kwanza, sehemu ya kifaa baadaye. Kifaa kitabadilika tena. Kidole ni kilekile.

Limebaki jina la bamba lenyewe. Nimekuwa nikisema padi, nalo si neno baya. Lakini Kiswahili kina kipapasio, neno litumiwalo kwa ile pembe nyembamba ambayo mdudu huitumia kupapasa njia yake. Ikiwa panya aliweza kuletwa mezani, sioni kwa nini kipapasio cha mdudu kisiletwe kwenye kipakatalishi. Jina hilo humwambia mtumiaji afanye nini hata kabla hajaelekezwa.

Jumatano ile nilifungua faili isiyo na thamani na kujizoeza kwa saa nzima: kugusa, kupapasa, kubofya, kuburuta. Alhamisi niliyaandika upya maoni ya sura ya tatu, na nakiri kwamba mara ya pili yalikuwa mafupi na ya haki zaidi. Ripoti ilifika Ijumaa alasiri. Mtahiniwa alitetea kazi yake muhula huo na akapita, bila kujua kwamba hatima yake ilikuwa imening'inia kwenye kidole gumba.

Gumba hilo bado hushuka kukitafuta kitufe, hasa usiku nikiwa nimechoka. Hulirudisha juu, nikaendelea kusoma. Msomaji mwenye neno bora kuliko kipapasio na alilete, tulipime.