Merikani Anasimulia Vita vya Wamarekani

Mjomba, kwa nini watu wa nchi moja washike bunduki wapigane wao kwa wao?

Umeuliza vyema, mwanangu. Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Sogea, na mwenzako naye asogee, tumwite shahidi. Shahidi wetu ni kitambaa. Kitambaa cha pamba, kizito, hakina maua wala rangi. Zamani, kabla dhahabu ya Lupa haijawaleta watu Chunya, wapagazi walikileta bara kutoka pwani. Watemi waliitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo mara nyingi ililipwa kwa kitambaa hiki. Hata Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu, alikifahamu. Jina lake Merikani. Leo tumpe kinywa aseme.

"Hodi wenyewe! Mimi ni Merikani. Nimevuka bahari mbili kuja kwenu. Nilizaliwa shambani, kusini mwa Marekani. Pamba ikikomaa, ganda lake hupasuka, na ncha za ganda huchoma vidole. Aliyenichuma alitoka damu vidoleni. Alichuma tangu alfajiri mpaka giza. Hakulipwa."

Kwa nini hakulipwa?

"Kwa sababu alikuwa mtumwa. Alinunuliwa. Mwanawe naye angeweza kuuzwa wakati wowote, na mama asiulizwe. Mwaka 1860 watu kama yeye walikuwa karibu milioni 4."

Nanyi watoto wa Chunya mnaijua tumbaku. Mnajua jani bichi linavyonata mikononi, na jinsi majani yanavyofungwa na kutundikwa ndani ya bani. Kule jimbo la Virginia kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Hapa mkulima anapeleka tumbaku yake chama cha msingi, inapimwa, analipwa. Kule, aliyeivuna tumbaku aliweza kuuzwa yeye mwenyewe.

"Kutoka shambani nikapelekwa kaskazini, Massachusetts, kwenye viwanda. Huko utumwa ulikuwa umekwisha, na wafanyakazi walilipwa. Nikasokotwa, nikafumwa, nikapakiwa merikebuni katika bandari ya Salem, hadi Unguja. Seyyid Said, mtawala wa Unguja, alikuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833."

Kumbe watu wa Kaskazini nao walikula faida ya utumwa?

Umeona mbali, mwanangu! Ndiyo, walikula. Viwanda vyao vilitaka pamba ile ile.

Basi ugomvi ulitoka wapi? Chukulia ndugu wawili wanaoishi ua mmoja. Mmoja analimisha watu aliowafunga. Mwenziwe analimisha vibarua anaowalipa. Wananuniana, lakini wanakaa. Siku moja wanapata shamba jipya nyuma ya ua. Sasa shamba hili litalimwaje? Kwa watu waliofungwa, au kwa vibarua? Hapo ndipo panga linapochomolewa.

Shamba jipya la Wamarekani lilikuwa nchi za magharibi, nyingi zikiwa zimetwaliwa katika vita na Meksiko, vilivyokwisha mwaka 1848. Kila jimbo jipya lilipata viti viwili katika Seneti, mojawapo ya mabaraza yao ya kutunga sheria. Kwa hiyo kila jimbo liliongeza nguvu upande mmoja na kuipunguza upande wa pili. Huko Kansas watu walianza kuuana kwa sababu hiyo tangu miaka ya 1850. Mwaka 1860 akachaguliwa Abraham Lincoln, ambaye chama chake kilikataa utumwa uenee magharibi. Kusini wakaona siku moja watashindwa kabisa. Disemba ya mwaka huo jimbo la South Carolina likajitoa katika nchi. Yakafuata mengine, yakawa majimbo 11. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ikalia Fort Sumter, katika bandari ya Charleston, vita vikaanza.

Lakini mjomba, wengine husema Kusini walipigania haki za majimbo tu.

Husema hivyo, nami siwaungi mkono. Haki ya kufanya nini? Jimbo la Mississippi liliandika sababu zake mwaka 1861, likataja utumwa wazi mwanzoni kabisa. Tuwaamini waliojieleza wenyewe. Ila tuseme kweli yote: Lincoln naye aliingia vitani ili nchi isivunjike. Tangazo lake la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863. Watumwa hawakukaa wakingoja. Maelfu walitoroka mashambani, na wanajeshi weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Kaskazini. Vita vilikwisha mwaka 1865. Waliokufa walizidi 600,000. Disemba ya mwaka huo katiba ikaufuta utumwa nchi nzima.

Na Merikani je?

"Mimi niliadimika. Manowari za Kaskazini ziliziba bandari za Kusini, pamba ikakosa njia. Huko Unguja nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yangu. Lakini kuna jambo linaniuma, wanangu, sitalificha. Huku kwenu nilinunulia pembe za ndovu. Nilinunulia na watu."

Watu wa huku, mjomba?

Wa huku. Waliokamatwa upande wa Ziwa Nyasa waliswagwa hadi Kilwa, wengine wakavushwa Unguja kwenye mashamba ya karafuu. Mtumwa wa ng'ambo alimchuma Merikani kwa vidole vyake, na Merikani akaja kumnunua mtumwa mwingine hapa. Hao wawili hawakuonana kamwe.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash. Lakini Tanganyika yetu iliufuta utumwa kwa sheria mwaka 1922, miaka 57 baada ya Marekani. Kwa nini tulichelewa hivyo, na ni nani waliokuwa wakitutawala miaka yote hiyo? Kesho muulizeni mwalimu wa historia, kisha mje mnieleze.