Kifua chenye joto kwa mtoto njiti



Mtu mwenye ukoma alipomwendea Yesu, neno moja lingetosha kumponya. Lakini Bwana alimgusa pia, mtu ambaye wengine walimkimbia. Mungu wetu haponyi kwa mbali tu.

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Watoto walichangia mashine na kuambukizana magonjwa. Akaamua kuwarudisha kwa mama zao, wabebwe kifuani ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mwanawe.

Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu, akawekwa wima kati ya maziwa ya mama na kufungwa kwa kitambaa. Hapo hupata joto, na ziwa liko karibu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza huduma hii mara tu mtoto anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie, kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo sana kwa asilimia 25. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 abebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mpendwa, hebu zitafakari saa hizo. Mama amefungwa mtoto kifuani mchana na usiku. Nani atateka maji? Nani atawapikia watoto wengine? Mara nyingi tunampelekea sabuni na khanga, tunaomba, tunaondoka, na ndoo tunaiacha tupu. Wengine humwachia na neno linalouma: "Haka katoto katapona kweli?"

Baba, kifua chako nacho kina joto. Mpokee mtoto, mama apate kulala. Bibi na shangazi nao wanaweza kupokezana.

Wanajumuiya, wiki hii ulizeni ni nyumba gani ina mtoto njiti. Nendeni mkafue, mkapike, mkafagie uwanja. Mama akimbeba mtoto, nasi tumbebe mama. Hiyo nayo ni ibada.

Nawatakia Jumapili njema.